Pakiti ya Kijani ya Mashine Namba Mbili

Utabisha, najua. Una uso wa mtu wa kubisha. Basi bisha sasa hivi tumalizane, kahawa yangu ingali na barafu. Mimi, Hung wa kufunga mashine, ambaye kijiweni wananiita Mdomo Chuma, niliyeiacha shule ya ufundi mwaka wa pili kwa sababu mwalimu wa kompyuta alikuwa ananichelewesha, ndiye niliyeokoa kazi ya Dada Waya. Na mashine iliyokuwa inasubiri kontena nikaiokoa hapo hapo. Sikugusa kompyuta. Sikufungua faili hata moja. Nilitaja namba moja tu, basi. Huamini? Kaulize mji mzima wa Dajia.

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa duka la kifungua kinywa la Dada Siok-hun, chini ya bati, kwenye ile barabara ambayo kila geti linatoa kipande kimoja cha baiskeli: hapa pedeli, pale rimu, kwetu mikono ya breki. Benchi lenyewe ni ubao wa kreti la mashine ya kuchonga, bado limeandikwa "upande huu juu", na ukikaa wakati wa joto unaondoka na maandishi hayo kwenye suruali. Linabeba watu watatu. Bamkubwa Ong, fundi wa tanuri aliyestaafu akakataa kukaa nyumbani. Boga, dereva wa foklifti, ambaye ukimwona hutauliza jina lilitoka wapi. Na Krome, wa karakana ya kuchovya vyuma, anayetafuna tambuu kutwa na kusema kama waziri. Mimi sikai benchi. Mimi hukaa juu ya skuta yangu, hapo pembeni, miguu nimeipandisha kwenye ubao wao, kama hakimu.

Jumatatu hiyo, siku ya kwanza kazini baada ya watu kwenda kusafisha makaburi, saa nne asubuhi tulikuwa tumeshatimuliwa kiwandani. Bosi alisema mtu yeyote wa kufunga mashine asiguse kitu mpaka aambiwe. Tukaja kunywa kahawa.

— Mdomo Chuma, hebu shuka kidogo, — Krome akaanza. — Kiberiti changu nilikiacha kwenye sanduku la chini ya kiti cha skuta yako Ijumaa.

— Nimeshakaa.

— Dakika moja tu, kaka.

— Kaombe kwa Dada Siok-hun. Mimi si ghala.

— Leo unaatamia mayai? — Boga akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. — Tangu asubuhi hataki kuinuka kwenye hicho kiti!

— Nyamaza, Boga. Una foklifti ya kuegesha.

— Nitaegesha nini? Kontena linakuja saa nane na nusu kuchukua Mashine Namba Mbili, na mashine imerukwa na akili. Wameipa mkono wa breki wenye ufa, ufa wa kuonekana kwa macho, imewasha taa ya kijani. Imesema uko salama. Mtoto wa watu anashuka mlimani na baiskeli, anashika breki, anabaki na kipande mkononi!

Bamkubwa Ong akaweka kikombe chini.

— Nielezeni taratibu. Mashine inavuta breki, inapima, inawasha taa. Iliyopita kijani, mbovu nyekundu. Sasa aliyeiharibu ni nani, fundi wa chuma au huyu binti wa kompyuta?

Hapo ndipo waliponihitaji. Ukitaka kitu kielezwe, tafuta mtu ambaye shule haikumharibu.

— Bamkubwa, sikiliza. Programu ya mashine ile haiandikwi kwa maneno. Inachorwa. Dada Waya anaweka visanduku kwenye kioo cha kompyuta, anaviunga kwa nyaya za rangi. Ndiyo maana anaitwa Waya, nyaya zake zimenyooka kama mistari ya daftari. Kisanduku kimoja ukikifungua, ndani kuna mchoro mwingine mzima, na huo una faili lake. Kwa hiyo kuna mchoro mama, na kuna michoro watoto arobaini na kitu. Mama akitaka kupima nguvu, anamwita mtoto anayeitwa Kipimo.

— Hapo nimekuelewa.

— Sasa, Mashine Namba Moja, ile kuukuu ya breki za baiskeli za milimani, nayo ina mama yake na watoto wake. Na Namba Mbili ilianza kwa kunakili folda ya Namba Moja. Majina yakabaki yale yale. Kila nyumba ina mtoto anaitwa Kipimo.

— Kama ukoo wa akina Tan, — Bamkubwa akasema. — Kila nyumba ina mtoto mmoja anaitwa Bahati.

— Ndiyo hiyo! Na mama wa michoro hii hatazami sura. Ukifungua nyumba zote mbili kwenye kompyuta moja kwa wakati mmoja, mama wa pili akiita "Kipimo!", akiitikiwa na Kipimo aliyekwisha kuamka, anamchukua huyo huyo. Haulizi wewe ni wa nani. Ukifunga, kompyuta inauliza: kuna mabadiliko kwenye mafaili kumi na saba, nihifadhi? Ukisema ndiyo, mama tangu siku hiyo anamjua mtoto wa jirani kuwa wake.

— Na nani atasema ndiyo? — Bamkubwa akauliza.

— Kila mtu! — Boga akadakia. — Mimi kompyuta ikiniuliza chochote nasema ndiyo. Hapana inatisha. Ukisema hapana unaweza kupoteza kitu.

— Basi ndiyo hivyo, — nikasema. — Kipimo cha Namba Moja kimezoea breki nene, kinaona ufa wa Namba Mbili ni kitu kidogo. Dada Waya ameligundua hilo saa tatu asubuhi, peke yake, bila chai. Kompyuta ile ya karakana inatumiwa na watu wanane, na nywila imebandikwa kwenye kioo. Nani alibonyeza? Haijulikani.

Niliisema hiyo "haijulikani" vizuri sana. Kwa utulivu. Mimi nikieleza kitu, hata mimi mwenyewe naamini.

— Kama amegundua, si arekebishe? — Krome akauliza.

— Arekebishe kipi? Mafaili kumi na saba yameguswa. Na hii si maandishi, useme utaweka kurasa mbili pamoja na kutafuta mstari uliobadilika. Mchoro ukisogeza kisanduku upana wa kucha tu, wote unaonekana mwingine. Dawa ni kuchukua toleo zima lililokubaliwa Alhamisi na mkaguzi wa mnunuzi, yule Bwana Kuwabara kutoka Osaka, na kulirudisha lilivyo. Dada Waya anayo matoleo yote, kila moja limefungwa kwenye folda yake na namba yake. Alhamisi peke yake alitengeneza matatu, thelathini na sita, saba na nane, maana Bwana Kuwabara alikuwa anataka hiki, hataki kile, rudisha cha mwanzo. Dada Waya akaweka moja, akatoa, akarudisha. Mwisho mzee akaitikia kwa kichwa, akasaini. Alisaini lipi?

— Si amwulize Bwana Kuwabara?

— Karatasi yake imeandikwa "kama ilivyojaribiwa Alhamisi". Yeye mwenyewe anajua alivuta breki, hajui visanduku. Na kuweka toleo, kuipasha mashine moto na kuivutisha breki mara elfu ili itulie, hiyo ni saa tatu. Mkaguzi anarudi saa nane. Sasa ni saa nne. Ana nafasi ya kujaribu toleo moja tu kati ya matatu. Akikosea mbele ya mzee yule, mashine haiondoki, na bosi ameshasema, mbele za watu, kwamba mtu asiyejua ameweka nini kwenye mashine yake mwenyewe aende akauze chapati za mayai.

— Kazi ya heshima! — Dada Siok-hun akapiga kelele kutoka jikoni.

— Sijasema wewe, dada!

Dada Waya tunampenda wote. Ndiye mhandisi pekee anayekuja kijiweni na kukaa kwenye "upande huu juu" bila kutandika gazeti.

— Sikilizeni, — Boga akasema, ameinamia mbele kama mtu anayetoa siri ya serikali. — Kosa ni pakiti.

Hapa lazima nikueleze, ingawa kwetu hata mtoto anajua. Hakuna mashine inayofanya kazi Taiwan bila pakiti ya kijani ya bisi za nazi juu yake. Ya kijani tu. Ya njano inaifanya mashine izubae, nyekundu usiguse. Na isiwe imepitwa na tarehe. Inaiambia mashine itulie, iwe mtoto mzuri. Hospitali, benki, mahali pote. Hailiwi. Haisogezwi. Na Dada Waya, kwa akili yake, akaona: watu hawa hawatasoma daftari langu kamwe, lakini pakiti hakuna mkono utakaoigusa. Akaweka utaratibu wake. Kila akiweka toleo jipya kwenye mashine, anaweka pakiti mpya na kuiandika namba ya toleo kwa kalamu nene. Ile ya zamani anaiweka kwenye droo yake. Ukitaka kujua mashine inatumia programu gani, tazama juu.

— Pakiti iliyopo juu ya Namba Mbili haina namba, — Boga akaendelea. — Nimeiona kwa macho yangu. Mgongoni safi, haina hata alama. Sasa Namba Moja ina pakiti yenye namba, yenye tarehe ya mbali. Mashine zinaonana, jamani! Namba Mbili imeona wivu. Ikasema, mimi sina cha kwangu, basi namchukua mtoto wa mwenzangu.

— Mashine kuona wivu! — Krome akatema tambuu pembeni. — Wewe Boga, kichwa hicho kinabeba helmeti tu. Tatizo ni mvuke. Mvuke wa karakana yetu ya kuchovya. Unaingia kila mahali. Baiskeli yangu ya nyumbani imeshika kutu ikiwa chumbani. Nyaya za kwenye kompyuta nazo ni nyaya. Zimeliwa.

— Zimechorwa, Krome, — nikamwambia. — Ni rangi tu.

— Rangi haichubuki?

— Ndani ya kioo?

— Kioo cha simu yangu kimechubuka. Usinifundishe.

— Tatizo si mvuke wala wivu, — Bamkubwa Ong akasema, na akisema yeye hata Krome huacha kutafuna. — Mmesahau juzi ilikuwa siku gani? Watu wamekwenda makaburini. Wametoa chakula, wamechoma karatasi, wazee waliokufa wamerudi nyumbani kula. Sasa niambieni, toleo la kwanza la programu ile lilichorwa na nani?

— Na yule Bwana Lim aliyehamia Vietnam, — nikasema.

— Toleo la pili?

— Yeye huyo huyo.

— Na yote hayo yako wapi?

— Kwenye folda inaitwa Zamani.

— Nani amewahi kuifungua hiyo folda, akasema asante? Hakuna! Matoleo thelathini na tano yamekaa gizani, yana njaa. Siku ya makaburi yametoka kutafuta watu wao. Kipimo wa zamani amekwenda nyumba ya mjukuu, akapiga hodi, akafunguliwa.

Boga alishika mikono yake, vinyweleo vimesimama.

— Bamkubwa, usiseme hivyo, mimi ndiye wa kuibeba hiyo mashine!

— Nyinyi wote mnacheza, — nikasema, na nikanyoosha mgongo juu ya skuta. — Ukweli ni huu. Mnunuzi. Kampuni ya Bwana Kuwabara ina muuzaji mwingine wa mashine hizi hizi. Anatafuta sababu ya kuikataa yetu. Jumamosi katuma mtu. Kaingia na flashi, kazifungua nyumba zote mbili, kabonyeza ndiyo, katoweka. Na pakiti kaibeba ili Dada Waya asijue namba. Ujasusi. Mnadhani watu wanakuja Dajia kwa ajili ya hekalu letu tu?

— Jumamosi si ulikuwepo wewe karakana? — Krome akauliza.

— Nilikuwepo. Ndiyo maana nakwambia, ni mtu mjanja sana. Hata mimi sikumwona.

Wakaitikia kwa vichwa, wakakubali. Unaona? Sauti ya hakika ni nusu ya ushahidi.

Mara Dada Waya mwenyewe akatokea getini, anavuka barabara. Hakukaa. Alisimama mbele ya dirisha la duka, kadi ya kiwanda shingoni, macho mekundu kama ametoka kuchomelea bila kinga.

— Bamkubwa, habari za leo?

— Njema, binti yangu. Kula kitu.

— Sina hamu ya kula. Dada Siok-hun, nipe kahawa nyeusi tu.

— Umekumbuka? — Boga akamwuliza. — Sita, saba, au nane?

— Boga, ningekumbuka ningekuwa hapa? Alhamisi niliweka na kutoa mara tano. Pakiti nikaandika ile ya mwisho tu, nikasema sasa kichwa kipumzike, nakwenda kwa baba yangu. — Akatazama kahawa. — Niliona ni akili sana, kuandika pale. Bosi ananicheka sasa. Anasema mhandisi gani anaandika kumbukumbu kwenye bisi.

— Ungeandika na kwenye daftari, — Krome akasema kwa upole.

— Ningeandika. Nitaandika. Kama kesho nitakuwepo, kila mtoto nitampa jina la nyumba yake, Kipimo-Moja, Kipimo-Mbili. Na wale wa kutumia pamoja nitawaweka folda moja tu, wasinakiliwe tena. — Akatazama saa. — Saa tano nachagua. Tatu kwa moja. Watu wanashinda bahati nasibu kwa nafasi mbaya zaidi.

— Dada, watakuwa ni majasusi, — nikamwambia.

Alinitazama. Hakucheka.

— Asante, Mdomo Chuma.

Akavuka barabara akarudi. Alisahau kahawa yake dirishani.

Aliyekuja kuichukua ni Wartini, mfanyakazi mpya wa kufungasha, ametoka ng'ambo, Indramayu, ana wiki tatu tu kwetu. Lugha yetu anaizungumza polepole, neno kwa neno, kama anahesabu skrubu. Alituamkia wote kwa heshima, akachukua kikombe, kisha akasimama.

— Samahani, kaka zangu. Nataka kuuliza. Hii ya sasa haina namba. Sawa. Ile yenye namba iko wapi?

— Ipi? — Boga akasema.

— Pakiti ya Alhamisi. Dada Waya ameangalia droo, haimo. Mimi nimeangalia mapipa ya taka, yote, haimo. Kwetu hapa hakuna mtu anatupa hiyo. Hakuna mtu anakula hiyo. Basi, iko wapi?

Krome akaacha kutafuna. Bamkubwa Ong, mwenye majibu ya wafu na walio hai, akakitazama kikombe chake akakuta kitupu.

— Jasusi… — nikaanza.

— Jasusi anachukua pakiti, — Wartini akasema, hana hata chembe ya dhihaka, — halafu ananunua pakiti mpya, anaweka? Kwa nini anaweka mpya?

Wartini akasubiri kwa adabu, akaona hapewi kitu, akavuka barabara na kahawa.

Saa tano kasoro dakika kumi. Sasa tega sikio, maana hapa ndipo unaponijua mimi ni nani. Nikawasha skuta. Boga akasema unakwenda wapi? Nikamwambia kichwa changu kinafanya kazi kikipigwa upepo. Nikazunguka nyuma ya ghala la rimu, pale pasipo na watu, nikasimama kidogo, nikafikiri. Nikafikiri kwa nguvu. Dakika mbili. Nikarudi, nikapita kijiweni bila kusimama, nikaingia na skuta hadi ndani ya geti, kitu ambacho mlinzi hamruhusu hata bosi.

Dada Waya alikuwa mbele ya kompyuta, mkono kwenye kipanya, mshale uko juu ya thelathini na nane.

— Saba, — nikasema.

— Nini?

— Thelathini na saba. Weka hilo.

— Umejuaje?

— Dada, mimi mtu wa mashine. Alhamisi nilikuwa nasikia inavyovuta. Sita inavuta kwa kusita. Nane ni ya mtu aliyechoka. Mzee yule aliposaini, mashine ilikuwa inalia laini. Saba.

Bosi alikuwa nyuma, amekunja mikono. Akasema huyu mpuuzi aliacha shule, usimsikilize. Dada Waya hakumtazama bosi. Alinitazama mimi, halafu akautazama mfuko wa suruali yangu, halafu mimi tena.

— Una hakika?

— Asilimia mia.

— Hakika ya kusema, au ya kuona?

Kiganja changu kikaenda kuufunika mfuko chenyewe.

— Ya kuona.

Akausogeza mshale kwenye thelathini na saba, akabonyeza.

Mengine uliyasikia. Saa nane Bwana Kuwabara akaja na miwani yake na mkoba wake wa breki mbovu. Akaweka ya ufa, taa nyekundu. Akaweka nzima, kijani. Akaweka ile yenye ufa mdogo kuliko unywele, aliyoificha mwishoni, nyekundu. Akatoa karatasi ya Alhamisi, akalinganisha tarakimu moja moja kwa kalamu. Zote sawa sawa. Akainama, Dada Waya akainama, bosi akainama chini kuliko wote. Saa nane na nusu Boga akaingiza mashine kwenye kontena taratibu, huku akiiomba samahani kwa mambo aliyoyasema asubuhi. Jioni Dada Waya akamwambia bosi mbele ya watu kwamba kuanzia leo namba ya toleo itaandikwa mahali pawili, kwenye daftari na kwenye pakiti, na mwandishi wa pakiti ni Mdomo Chuma. Akanipa kalamu nene. Mimi! Mwaka wa pili wa shule ya ufundi! Krome anasema nina sikio la kimungu. Bamkubwa Ong anasema babu yangu alisimama nyuma yangu. Siwakatazi.

Mbona unanitazama hivyo? Unafanana na Wartini.

Haya. Kuna kipande nimekiruka.

Jumamosi karakana nilikuwa peke yangu. Nilitaka kujua kama na mimi naweza kuchora, nikafungua Namba Moja na Namba Mbili pamoja nione tofauti. Kompyuta ikaniuliza nihifadhi mafaili kumi na saba. Nikasema ndiyo. Na njaa iliniuma, Dada Siok-hun alikuwa kafunga duka, naye kaenda makaburini. Juu ya mashine kulikuwa na pakiti. Nikala bisi zote, moja baada ya nyingine, huku nikijipongeza kwa kuchora. Halafu nikashtuka, nikakimbilia duka jingine, nikanunua nyingine, nikaiweka pale pale, nikaona nimemaliza. Ile tupu nikaisokomeza kwenye sanduku la kiti cha skuta, pamoja na kiberiti cha Krome.

Kwa hiyo karibu saa nzima ile, wivu wa mashine, kutu, wafu, majasusi, nilikuwa nimeikalia. Dada Waya alikuja, akasimama hatua mbili kutoka kwangu, akasema tatu kwa moja. Ningeinuka tu. Ningefungua kiti. Nikamwambia majasusi. Nyuma ya ghala sikufikiri chochote. Nilifungua kiti, nikasoma namba kwenye ile tupu, nikaikunja nikaitia mfukoni, kona ya kijani ikabaki nje.

Jana ameniletea pakiti mbili za kijani. Moja akasema ya mashine, niandike thelathini na tisa. Nyingine akasema ni yangu, ya kula. Hakusema zaidi, akarudi kwenye nyaya zake.

Sijaila. Na ile tupu bado ninayo, nimeirudisha chini ya kiti, imekunjwa mara nne, namba 37 kwa mwandiko wake. Kila asubuhi nafika getini nikisema leo namrudishia. Halafu nafika kijiweni, nakaa juu yake, naanza kuongea.